Kompyuta 20, sasisho moja: Ofisi ndogo inavyoweza kuokoa fedha

WAMILIKI wengi wa ofisi ndogo wanajua bei ya kununua kompyuta, lakini ni wachache wanaopiga hesabu ya kuzitunza. Sehemu ya gharama hiyo ni masasisho, yaani marekebisho yanayotolewa na watengenezaji wa programu ili kuziba mianya na kuondoa kasoro.

Tuchukue mfano wa ofisi ya kuuza pembejeo iliyopo Mtoni, wilayani Temeke, yenye kompyuta 20 katika mtandao mmoja. Sasisho likiwa na ukubwa wa gigabaiti moja na kila kompyuta ikalipakua yenyewe, zitatumika gigabaiti 20. Likipakuliwa mara moja kisha likagawanywa ndani ya ofisi, itatumika moja au zaidi kidogo. Kwa anayenunua bando, tofauti hiyo ni fedha taslimu.

Baadhi ya ofisi hukwepa gharama hiyo kwa kuzima masasisho kabisa. Hiyo si akiba. Machi 14, 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba mwanya katika Windows. Mei 12 mwaka huohuo, virusi vya WannaCry vilipita kwenye mwanya huo, vikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300 za Marekani kwa kila kompyuta. Hospitali kadhaa za Uingereza ambazo hazikuwa zimeweka sasisho hilo ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Hata hivyo, pupa nayo ina hasara. Julai 19, 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani na kusababisha maelfu ya safari za ndege kufutwa.

Mkulima makini hapandi mbegu mpya shamba zima. Huijaribu kwanza kwenye kipande. Ofisi nayo ianze na kompyuta mbili, isiwe ya mhasibu. Zikifanya kazi vizuri kwa siku mbili tatu, nyingine zifuate baada ya saa za kazi, mafaili muhimu yakiwa yamenakiliwa na kuhifadhiwa pembeni.

Ofisi yenye seva ya Windows inaweza kutumia huduma ya WSUS, ambayo hupakua sasisho mara moja na kumwezesha fundi kuamua kompyuta zipi zianze. Isiyo na seva itumie mpangilio uliomo katika Windows 10 na 11 unaoruhusu kompyuta za ofisi moja kupeana masasisho. Mtu mmoja apewe kazi hiyo, aandike kwenye daftari kila kompyuta ilisasishwa lini.

Tahadhari ya mwisho ni kwa wanaonunua kompyuta zilizokwishatumika. Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya bure ya Windows 10. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama mashine hiyo inakubali Windows 11. Kama haikubali, bei yake ndogo inaweza kukugharimu zaidi baadaye.