Kompyuta Nyepesi katika Njia za Uluguru (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia mwaka 1974, Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Marufuku ile haikutokana na kuogopa elimu. Wizara ya Fedha, iliyofunga kompyuta ya kwanza ya nchi hii mwaka 1965, ilikuwa imepata hasara katika kuhamishia mahesabu ya Serikali kwenye mashine, huku fedha za kigeni zikiwa adimu na wataalamu wengi wakitoka nje. Kompyuta ya siku hizo ilikuwa mali ya taasisi na ilikaa katika chumba chake. Nani angefikiri kwamba siku moja mwalimu wa Nyandira, huko milimani Uluguru, angeitia begani na kupanda nayo mlima?

Leo turuke hadi mwaka 2007, kwa kuwa ndipo kompyuta ya mtu wa kawaida ilipoanza kupata umbo tunaloliona sasa katika maduka ya Morogoro mjini. Miaka miwili kabla, Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT, Marekani, alikuwa ameahidi kompyuta ya mtoto kwa dola 100, na Novemba 2005 akaionyesha mjini Tunis akiwa na Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi, Novemba 2007, bei ilikuwa imekaribia dola 200. Ilikuwa ya kijani na nyeupe, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kioo cha inchi 7.5 kilichobuniwa na Mary Lou Jepsen ili kisomeke hata juani. Haikuwa na feni wala diski ya kuzunguka, na ilikula wati chache mno.

Katika ukanda wetu, Rwanda ndiyo iliyoipokea kwa mikono miwili. Zaidi ya kompyuta 200,000 ziligawiwa wanafunzi. Matokeo yake darasani yalibishaniwa, na utafiti mkubwa uliofanyika Peru ulionyesha kwamba kumpa mtoto kompyuta peke yake hakukupandisha alama zake za hesabu na lugha. Hilo si la kupuuza, na tutalirudia. Lakini kwa upande wa ufundi mradi wa Negroponte ulifungua mlango. Oktoba 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilitoa Eee PC, kompyuta ya inchi 7 isiyofika kilo moja, yenye hifadhi ya GB 4 na mfumo wa Linux. Hii haikuwa ya msaada. Iliuzwa kwa yeyote mwenye fedha, na iligombewa. Mwaka uliofuata Intel ikatoa prosesa ya Atom kwa ajili ya mashine za namna hiyo, na kampuni nyingine zikaingia sokoni. Vishikwambi na simu janja vilikuja kuzipiku mashine hizo, zikafifia, lakini viungo vyake vimerithiwa: hifadhi isiyozunguka, prosesa isiyokula umeme mwingi, na wepesi. Kompyuta mpya ya bei ya chini unayoonyeshwa dukani leo ni mjukuu wa zile.

Sasa tuipandishe mlimani. Anayekwenda Mgeta huacha barabara kuu upande wa Mzumbe na kuanza kupanda kwa kona. Anayekwenda Kinole au Matombo hupita Mkuyuni, upande wa mashariki unaopokea mvua nyingi zaidi. Juu ya njia hizo kuna kilele cha Kimhandu, kinachopita mita 2,600, na chini yake mito inayoulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa. Umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefika vijiji vingi, ila nyumba za Waluguru zimetawanyika mabondeni na kwenye migongo ya milima, na nguzo iliyoko kijijini haina maana kwamba kila kitongoji kimewashwa taa.

Huko juu kompyuta haihitajiki kwa anasa. Kuna mwalimu wa sekondari anayetunga mtihani, kuna mtendaji wa kijiji mwenye taarifa za kuwasilisha wilayani, kuna karani wa chama cha ushirika, kuna mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) aliyerudi likizo na ripoti ya mafunzo kwa vitendo mkononi. Na kuna kijana aliyemaliza kidato cha sita anayetakiwa kuomba chuo na kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, yote kwa mtandao. Huyu wa mwisho ndiye anayeniuma zaidi. Anashuka mjini, anakaa foleni kwenye steshenari, na mtu asiyemjua anamjazia fomu, anamtungia nywila na kubaki nayo. Nywila ikisahaulika, au jina likikosewa herufi moja, kijana anapanda gari tena. Tunapozungumzia kompyuta nafuu tunazungumzia pia haki ya kijana huyo kushika mambo yake mwenyewe.

Je, anunue ipi? Wengi wetu huanza kwa kuuliza bei. Mimi nashauri mkazi wa Uluguru aanze kwa kuuliza wati, kisha aulize aina ya hifadhi, ndipo aje kwenye bei.

Tuanze na hifadhi, maana maelezo yake ni mafupi. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. Mtikisiko mkali wakati mashine inafanya kazi unaweza kukigusisha kichwa hicho na sahani, na kilichoandikwa hapo kikapotea moja kwa moja. Wengi hufunika kompyuta bila kuizima, wakaitia kwenye begi na kupanda bodaboda. Kwa barabara ya kwenda Mgeta baada ya masika, ikiwa diski bado inazunguka, hiyo ni hatari kubwa. Hifadhi ya SSD haina kitu kinachozunguka. Mtu mwenye kompyuta ya zamani iliyo nzima anaweza kumwomba fundi amtolee diski na kumwekea SSD, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa itawaka kwa sekunde. Sijui matengenezo mengine yenye faida kama hayo kwa gharama ndogo hivyo.

Wati zina maelezo marefu zaidi. Prosesa ya Core i5-2520M, ya mwaka 2011, ambayo bado imo ndani ya kompyuta nyingi za mtumba, ilibuniwa kwa wati 35. Celeron N4020, iliyotoka mwishoni mwa 2019 na kuingia katika kompyuta nyingi za bei ya chini, ilibuniwa kwa wati 6. Ukijumlisha kioo na viungo vingine, mashine ya kwanza inaweza kula wati 25 au 30 ukiwa unaandika tu na kufungua kurasa, na ya pili wati 8 au 10.

Chukua familia yenye paneli moja ya wati 50. Siku ya jua zuri, lenye nguvu ya kutosha kwa saa nne, paneli hiyo itavuna kama wati-saa 200, na betri na nyaya zitapunguza kidogo. Kompyuta kubwa ikitumika saa nne itataka wati-saa 100 hadi 120. Tena kwa kawaida huchajiwa kupitia inveta: umeme wa betri wa volti 12 unapandishwa hadi 230, halafu chaja ya kompyuta inaushusha tena hadi 19, na kila hatua inamwaga sehemu yake kama joto. Mwisho wa siku kompyuta imekula zaidi ya nusu ya umeme wa nyumba. Ile ndogo, kwa saa zilezile nne, inataka wati-saa 40 hivi. Taa zinawaka na simu zinachajiwa. Upande wa mashariki ukungu unaweza kukaa siku nzima, na paneli ikatoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Siku hiyo kompyuta kubwa haitawaka, au itawaka na watoto watakula gizani.

Ndiyo maana napendekeza pia uangalie tundu la chaji. Kompyuta inayochajiwa kwa Taipu C, kama simu, inaweza kuchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya sola kwa kutumia chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha, bila inveta kabisa. Uliza na ujaribu kabla ya kulipa, kwa sababu si kila tundu la Taipu C kwenye kompyuta hupokea chaji. Jambo hili litazidi kuwa rahisi: Umoja wa Ulaya ulilazimisha Taipu C kwa simu mpya kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Kinacholazimishwa Ulaya hufika Kariakoo baada ya miaka michache, kwanza kikiwa kipya na baadaye kikiwa mtumba.

Nisiwadharau wauza mtumba. Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotoka katika ofisi za nje zimesomesha vijana wengi wa nchi hii, na mashine hizi zina heshima moja ambayo mpya za bei ya chini hazina: nyingi zinafunguka. Fundi anaongeza kumbukumbu, anabadilisha diski, anapata kibodi na betri. Katika kompyuta nyingi ndogo za sasa, kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 zimechomelewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachokufa nacho. Kwa mtu aliyeko mjini, Kihonda au Msamvu, mwenye umeme wa TANESCO na fundi jirani, ningemwambia achukue mtumba ulio mzima, aweke SSD. Kwa aliyeko kitongojini juu ya Kinole ningemwambia atafute ndogo, nyepesi, ya wati chache, na kama mfuko unaruhusu yenye GB 8 za kumbukumbu.

Mnunuzi wa mtumba ajue jambo moja zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi duniani zinaziondoa mashine ambazo bado ni nzima, nazo zitaendelea kuteremka bandarini kwetu. Zinaweza kufanya kazi kwa miaka mingi zikiwekewa Linux, na LibreOffice inafungua barua na majedwali ya kawaida bila malipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutuonyesha njia: mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Natamani sana vyuo vyetu vya hapa, kama SUA na Mzumbe, vichukue kazi ya namna hiyo na kuiendeleza.

Turudi kwenye somo la Peru, kwamba kifaa peke yake hakitoshi. Katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, watoto walipewa vishikwambi katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililomalizika mwaka 2019. Programu mbili zilizogawana ushindi, Kitkit School na ya onebillion, zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila intaneti, na vijijini kulikuwa na vituo vya kuchajia kwa jua. Watoto walijifunza. Kifaa kilikuja na masomo yake, lugha yake na umeme wake. Mnunuzi wa Uluguru anaweza kuiga hilo kwa kiasi chake: akiwa mjini kwenye mtandao mzuri apakue Kiwix pamoja na Wikipedia ya Kiswahili, ahifadhi vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kadiri inavyoruhusiwa, ndipo apande. Mabonde ya Uluguru yanakata mawimbi ya simu, na bando lililoisha juu ya mlima halimsubiri mwanafunzi.

Kabla ya kulipia kompyuta ya mtumba, iwashe bila chaja, fungua dirisha la amri la Windows na uandike powercfg /batteryreport. Utapata ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake sasa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, omba upunguziwe bei ya betri mpya, au ondoka. Wiki ijayo tutazungumza na mafundi wa mjini Morogoro kuhusu vipuri: vipi vinapatikana, vipi ni bandia, na kwa nini kibodi ndiyo ya kwanza kufa.