Muzee wa Gitaa

Pale Likasi, siku ya posho jioni, ukipita kambini utasikia gitaa mbele ya kumuona mwenyewe. Muzee anakaa kwa kiti cha mbao karibu na mlango, anapiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha kufuata. Jirani wote wanamuita Muzee wa Gitaa. Alikuwa fundi wa kusudere vyuma miaka 31, na mikono yake ingali na alama za moto.

Ile namna ya kupiga ni ya mji wetu. Mwaka 1952, wakati Likasi iliitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alikuja na mashine zake, akarekodi kijana mmoja, Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake « Masanga » ulifika mbali, hata Kenya, hata Ulaya. Muzee wetu aliujifunza akiwa mtoto, kwa sahani ya kaka yake, kwa gitaa ya nyuzi tatu aliyoitengeneza na kopo ya mafuta. Mwaka 1990, Mwenda alipokufa kwa ajali ya gari kule Zambia, Muzee hakugusa gitaa juma nzima.

Kisha ikaja ile miaka tunayoijua wote. Mushahara unatoka mwezi huu, halafu miezi minne hakuna kitu. Watoto sita, na masomo wanafukuza mwenye hajalipa minerval. Asubuhi moja Muzee alifunga gitaa na kamba, aende kuiuzisha sokoni. Bibi yake, mwenye alikuwa anauzisha makala kando ya barabara, akasimama mlangoni.

« Baba Kapinga, uzisha kinga, » akasema. « Gitaa inatuletea unga kila ndoa. Kinga inakupeleka tu kwa kazi yenye hailipi. »

Kinga ikauzishwa. Muzee akaenda kazini kwa miguu, saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, mpaka siku walipomuambia kazi imekwisha. Watoto walisoma. Mkubwa anachimba Kolwezi, wa tatu ni muuguzi, na binti wa mwisho anapiga ile gitaa kwa kwaya.

Mimi nilifika kwake kwa mambo ya sendika. Tulikuwa tunahesabu deni ya wazee, lakini wengi walikuwa wamepoteza karatasi: mvua, panya, kuhama. Nikamuuliza Muzee kama alibakiza hata moja. Akacheka, akafungua sanduku ya gitaa. Chini ya kitambaa kulikuwa bulletin zake zote za mushahara, mwezi kwa mwezi, zimefungwa na uzi wa gitaa wenye kukatika.

« Mwanangu, » akaniambia, « ile sanduku njo kitu kimoja tu chenye sikukubali kipate maji. »

Kwa karatasi zake tulihesabu deni yake yote, na ya wenzake watatu wenye walikuwa na daraja moja naye. Dosie iko kwa inspekta wa kazi. Mpaka leo hawajalipwa, na mmoja wa wale watatu tumekwisha kumuzika. Muzee njo alipiga kwa matanga yake.

Ndugu wafanyakazi, bulletin yako ya mwezi huu iko wapi? Itafute leo. Muonyeshe bibi na watoto mahali unaiweka.