Gresi wa Kyela, na Ipyana wa nyumbani

Ita "Gresi!" nje ya kanisa la Ipinda Jumapili asubuhi, hutakosa wa kuitika. Kyela mjini, Ipinda, Matema, kote huko jina Grace limeshakuwa la wenyeji: bibi analo, mjukuu analo. Hutamkwa Gresi, na katika daftari la muuza mchele mara nyingi huandikwa hivyohivyo, kwa i ya mwisho, hasa linapokuwa la mdaiwa.

Asili yake ni Kilatini, gratia, yaani neema. Waingereza walilishika kwa nguvu baada ya Matengenezo ya Kanisa, pale Wapuritani walipoanza kuwapa watoto majina ya fadhila: Grace, Faith, Prudence. Mwaka 1838 Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara wa taa, alipiga makasia na baba yake kwenye dhoruba wakaokoa manusura wa meli Forfarshire. Magazeti yalimtukuza, na jina lake likazidi kuvuma.

Kyela iko kando ya Ziwa Nyasa, na huko neno neema lilipita njia nyingine. Wamisionari waliofika Unyakyusa, yaani nchi ya Wanyakyusa, mwaka 1891 walikuwa Wajerumani: Wamoraviani walipiga kambi Rungwe, milimani, na wale wa Misioni ya Berlin wakaanzia sehemu nyingine. Walihubiri kwa Kinyakyusa. Mungu aliitwa Kyala, na neema yake iliitwa ipyana. Utawala wa Kiingereza, pamoja na shule zake, ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Maana yake ni kwamba muumini wa Kyela aliijua neema kwa lugha ya mama yake kabla Mwingereza hajamletea Grace. Ndiyo maana si haki kumwambia mzazi wa huko kwamba ameiga jina la kizungu. Alichokiita Grace alikuwa nacho tayari.

Na Ipyana lipo mpaka leo, hai kabisa, ila haliulizi jinsia. Mwimbaji wa injili anayejulikana nchi nzima kama Dr Ipyana ni mwanamume, na wapo akina dada wengi wenye jina hilohilo. Grace lenyewe, ambalo Ulaya ni la kike moja kwa moja, lilipofika Uganda lilivaliwa na wanaume pia: Grace Ibingira alikuwa waziri katika serikali ya waziri mkuu Obote, akakamatwa Februari 1966 akiwa kwenye kikao cha baraza la mawaziri.

Wanyakyusa wamezoea majina yanayosema jambo. Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Lusekelo ni furaha. Mengine ni sentensi nzima: Atupele, ametupa, Tusajigwe, tumebarikiwa. Ukisoma orodha ya darasa moja la shule ya msingi ni kama umesikiliza ibada ya shukrani. Katika orodha hiyo Neema, Grace na Ipyana wanaweza kukaa dawati moja, watoto watatu wenye jina moja kwa lugha tatu.

Akishaolewa na kujifungua, Gresi mwenyewe hupotea kidogo. Majirani watamwita Mama Lusajo au Mama Atupele, na miaka itapita jina lake likisikika kwa wazazi wake, kliniki na kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, vikoba, tu.

Linapoleta shida ni kwenye karatasi. Cheti cha ubatizo kinasema Grace, nyumbani ni Ipyana, mwalimu akaandika Gresi, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kikafuata mojawapo. Siku ya kuomba mkopo au kufuatilia mirathi, mama huyo hulazimika kwenda kwa wakili kula kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kiapo kina gharama. Mzazi anayependa majina yote mawili ayaandikishe yote kwenye cheti cha kuzaliwa, Grace Ipyana, tangu mtoto akiwa mchanga, na herufi azisimamie mwenyewe pale dirisha la usajili.