Jangwa Linatuambia Nini, Sisi Watu wa Buluo?



Mwaka 1888 msafiri Teleki wa Hungaria, pamoja na wapagazi wengi wa pwani, alivuka inchi kavu ya kaskazini ya Kenya mpaka Ziwa Turkana. Nyuma yake wataalamu walikwenda kuchimba kule, wakakuta mikuki ya mifupa ya wavuvi, mbali na maji ya leo. Maana miaka zaidi ya 6000 iliyopita ziwa lilikuwa kubwa sana. Kiisha mvua ikapunguka.

Zamani zile dunia ilibadilika yenyewe. Lakini joto la siku hizi linatoka zaidi katika moshi wa petroli, gazi na makaa ya mawe. Kutoka 2020 mpaka 2022 mvua ilikosa kule misimu 5 mfululizo. Ngamia, ng'ombe na mbuzi walikufa. Wachungaji wale hawana viwanda, lakini ndio wa kwanza kuumia.

Utasema: "Turkana iko mbali, siye tuko na mvua." Kweli, Katanga si jangwa. Lakini angalia pori la miombo kandokando ya Likasi: miti inakwisha kwa makala. Simhukumu baba anayechoma makala apate minervali ya watoto. Ninamuomba jambo moja: usingoe kisiki, kiache hai, kitachipuka. Na ninyi vijana, musichome pori mwezi wa nane na wa tisa mukitafuta panya. Moto ule unaua machipukizi.

Katika Mwanzo 2:15 Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima tunajua. Na kutunza je?