Tufichue Maradhi, Tumsitiri Mgonjwa: Wanafunzi wa Mara na Elimu ya Video

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunazungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la walimu peke yao, nalo ni kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kutengeneza video fupi kuhusu matatizo ya jamii yao. Tumeulizwa na wazazi wa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara, iwapo hii ni elimu au ni mchezo wa simu uliovishwa joho la elimu. Jibu letu ni kwamba ni elimu, tena yenye kheri kubwa. Lakini ina sharti moja, na sharti hilo likivunjwa kheri hugeuka madhara. Sharti lenyewe tulijifunza kwa uchungu, na hatuoni vibaya kulisimulia.

Tuliyoyaona kwa macho yetu

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa, pamoja na wazee wengine, katika kikao cha wazazi cha shule moja ya sekondari mkoani humo. Wanafunzi walikuwa wametengeneza video ya dakika nne, ikaonyeshwa ukutani. Ilimhusu mwenzao aliyetoroka kwao usiku ili asikeketwe. Walimfunika uso kwa khanga, akabaki akisimulia, na sisi tuliokaa mbele tulitikisa vichwa kwa kuridhika, tukiamini kuwa binti amesitiriwa.

Kumbe sivyo. Sauti ilikuwa yake mwenyewe. Nyuma yake ulionekana mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, na kando yake mwembe uliopinda. Kabla ya dakika ya pili kumalizika, mama mmoja alimgeukia jirani yake akataja jina la baba wa binti yule. Neno likapita benchi hadi benchi. Mwingine akautambua mlango: ni nyumbani kwa shangazi yake, ndiko alikojificha. Mwalimu alizima mashine, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kesho yake shangazi alilazimika kumhamisha mtoto alfajiri, kwa kuwa waliokuwa wakimtafuta walikwisha kuelekezwa.

Hakuna mwanafunzi aliyekusudia ubaya. Walitaka kumsaidia mwenzao. Ila walifundishwa kushika kamera kabla ya kufundishwa kushika amana.

Kwa nini jambo hili ni zito Mara

Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16, wanawake 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa. Mkoani Mara walikuwa 32 katika kila 100. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kiwango cha taifa kimeshuka hadi asilimia 8, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kila ifikapo likizo ya Desemba, shule zinapofungwa, bado wapo mabinti wa Mara wanaohesabu siku kwa hofu.

Sheria haina shaka juu ya hili. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, ambacho humwadhibu mlezi anayemkeketa au kumkeketesha mtoto wa chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili.

Wala asidanganyike mtu akadhani hiyo ni dini. Hiyo ni mila, na huko Mara hufanywa na watu wa imani mbalimbali. Mwezi Novemba 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, mjini Cairo, wakatamka kuwa ukeketaji ni madhara kwa mwanamke na kwamba hauna msingi katika Qur'an. Yapo maneno ya wanafiqhi wa kale ambayo baadhi ya watu huyashikilia, lakini kanuni ya kuondoa madhara inajulikana na kila aliyekaa mbele ya mwalimu.

Wapo waliojitolea kuwahifadhi mabinti hao. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Bi. Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Butiama na Mugumu, wilayani Serengeti. Mwaka 2018 mtengeneza filamu wa Kanada, Giselle Portenier, alitoa filamu kuhusu wasichana waliokimbilia Mugumu, nayo ikautangaza msiba huu mbali na hapa. Picha ina nguvu, na hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya namna ya kuitumia nguvu hiyo.

Kamera mikononi mwa wenyeji

Tukumbuke pia tulikotoka. Kati ya mwaka 1935 na 1937, wakati wa ukoloni, palikuwa na mradi wa sinema uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Sinema zake zilitengenezwa ili kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na mengineyo, lakini aliyeamua kipi ni tatizo na kipi ni dawa alikuwa mgeni. Mwenyeji alipigwa picha, hakuulizwa.

Miaka ya 1990 mambo yalichukua sura nyingine kule Mtwara. Watu wa shirika la Maneno Mengi walitumia video pamoja na wananchi, wakiwamo wavuvi walioteswa na uvuvi wa baruti. Wanavijiji walisema wenyewe, wakajitazama, wakajadiliana, na yaliyosemwa yakafikishwa kwa wakubwa. Humo mna somo kubwa, kwamba video si kioo cha kumwonyesha mgeni shida zetu tu, bali yaweza kuwa baraza letu wenyewe.

Mwanafunzi wa Mara anayo ya kusema. Yule wa Bunda anayeishi kando ya Hifadhi ya Serengeti anajua maana ya tembo kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Yule wa Musoma anayaona makokoro yakizoa samaki wachanga katika Ziwa Victoria, na anawaona wenziwe waliohama darasa wakahamia mwaloni. Yule wa Butiama anatoka kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, na alikozikwa mwaka 1999, na anasikia tangu utoto kwamba adui ni ujinga, maradhi na umaskini. Mtoto huyu akifundishwa kuuliza, kusikiliza na kupanga maneno yake, atakuwa amepata elimu ambayo mtihani haupimi.

Namna ifaayo kufundisha

Wazazi wasidhani kuwa kazi hii inahitaji mali nyingi. Yatosha simu moja nzuri iliyo mikononi mwa mwalimu, kinasa sauti kidogo, na kigoda au miguu mitatu ya kuituliza kamera. Darasa hugawanywa makundi, na kila mmoja hupewa dhima: mwandishi, mhoji, mpiga picha, msikilizaji wa sauti na mhariri.

Siku za kwanza kamera isiguswe. Wanafunzi wachague tatizo moja, waandike kwa sentensi moja wanataka nani afanye nini, kisha wachore picha zao kwenye daftari, moja baada ya nyingine. Baadaye wajifunze kupiga picha ya mbali inayoonyesha mahali, ya wastani inayoonyesha mtu, na ya karibu inayoonyesha mkono au jicho. Wajifunze pia kuukinga upepo wa ziwa, maana video yenye sauti mbovu haisikilizwi hata ikiwa na picha nzuri. Mwisho ni uhariri, ambapo saa nzima ya mahojiano hupunguzwa ikawa dakika tatu.

Hapo kwenye uhariri ndipo dini inapoingia bila kubisha hodi. Aliyesema maneno kumi ukamwachia mawili, waweza kumfanya aonekane amesema asilolisema. Qur'an, katika Surat Al-Hujurat, imetuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na katika sura hiyo hiyo ikakataza upekuzi na kusengenyana. Mwanafunzi anayefundishwa kuhariri afundishwe pamoja na hayo. Ama suala la picha yenyewe, wanazuoni wamekhitilafiana, na wengi wa zama hizi wameiruhusu picha ya kamera palipo na haja na manufaa.

Amana ya sura ya mtu

Sasa turejee kwenye sharti letu. Wapo watakaosema: je, dini haikutufundisha kusitiri? Basi tuache mambo haya ya kuanika. Na wengine watajibu kwa methali: mficha maradhi, kilio humuumbua. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika nusu ya kweli.

Sitara imewekwa kwa ajili ya mtu, haikuwekwa kwa ajili ya dhuluma. Kuficha ushahidi ni dhambi, kama tulivyofundishwa katika Surat Al-Baqarah. Kwa hiyo uovu wa kumkata binti kiungo chake usemwe, tena kwa sauti. Kinachofichwa ni kile kitakachomfikisha adui kwa binti huyo: sura yake, sauti yake, jina lake na mlango wa shangazi yake. Wala hatumfichi kwa sababu ana aibu. Aliyedhulumiwa hana aibu yoyote, aibu ni ya aliyemdhulumu. Tunamficha kwa sababu anatafutwa.

Basi mwalimu ahakikishe mambo haya. Kwanza, idhini iombwe kwa lugha anayoielewa anayepigwa picha, na akiwa mtoto, mlezi anayemlinda naye aulizwe. Hapa pana hadhari: yawezekana mzazi ndiye anayekimbiwa, na hapo aulizwe ofisa wa ustawi wa jamii au mwenye nyumba salama. Pili, aliyekubali leo aruhusiwe kukataa kesho bila kulaumiwa. Tatu, video ionyeshwe kwake kabla ya kuonyeshwa kwa mwingine yeyote. Nne, picha zisizotumika zifutwe, na simu izimwe uwezo wake wa kuhifadhi mahali picha ilipopigwa. Tano, ionyeshwe barazani palipo na mjadala, isirushwe ovyo mitandaoni. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini Mwislamu haisubiri sheria ya nchi ndipo atunze amana.

Vilevile mtoto asitumwe kupekua wahalifu. Anayetaka kueleza habari za makokoro azungumze na mama muuza samaki mchana, asipelekwe mwaloni usiku kuwanasa wenye nyavu. Akikuta jambo la jinai, alipeleke kwa mwalimu, na mwalimu alifikishe Dawati la Jinsia na Watoto polisi au ustawi wa jamii. Video si badala ya polisi.

Namba isiyoitika

Tumalizie habari ya shule ile. Mwalimu hakuufuta mradi, bali aliuanza upya. Aliwaita wanafunzi wake, akakiri mbele yao kuwa kosa lilikuwa lake, kisha wakatengeneza video nyingine. Tuliialikiwa tena, na tulikwenda kwa moyo mzito.

Safari hii hakuonekana binti yeyote. Lilionekana darasa asubuhi, na mwalimu akiita mahudhurio kwa namba. Kila namba iliitika. Ilipofika namba moja, pakawa kimya. Kamera ikalisogelea dawati tupu, juu yake daftari lililofungwa, ikatulia hapo. Mwalimu akaita tena. Kimya. Akaendelea na namba iliyofuata, na video ikaisha.

Hakuna aliyenong'ona jina la mtu, kwani kila mzazi aliliona dawati la mwanawe. Bibi mmoja mtu mzima, ambaye katika kikao cha kwanza hakufungua kinywa, alisimama akasema kwamba yeye alikatwa na akawakatisha mabinti zake, lakini wajukuu zake hawatakatwa. Akaketi. Katika kikao kile hatukusikia hotuba iliyoishinda hiyo, na sisi wenyewe tulihutubu.

Ndugu wazazi, mwanao akirudi nyumbani akakwambia kuwa shule inawafundisha kutengeneza video, usimkatishe tamaa. Muulize maswali matatu: Mnamzungumzia nani? Je, ameridhia? Na baada ya kuonyeshwa, yeye atalala salama? Akiweza kukujibu yote matatu, mpe baraka zako. Akishindwa, mfuatane kesho hadi kwa mwalimu wake.

Tunamuomba Allah awalinde watoto wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosema kweli na kutunza amana. Wabillahi taufiq.