Vidonge vya Utamu: Vinasaidia Nini, Havisaidii Nini



Leo tunaeleza jambo linalowahusu wenzetu wengi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Gitaza mpaka Rumonge. Kazi za huku zinajulikana. Wako wanaokata mikungu ya michikichi, wako wanaokamua mawese, wanaoanika ndagala, na wanaopakia muhogo na ndizi kwenye malori ya Bujumbura. Ni kazi za jasho, na kwa wengi wetu chai yenye sukari nyingi ndiyo chakula cha asubuhi.

Mwenzetu akipimwa na kuambiwa ana kisukari, jambo la kwanza analoambiwa ni kupunguza sukari. Hapo huanza kuulizia vile vidonge vidogo vya kutia utamu katika chai. Je, vinafaa? Jibu letu ni kwamba vinafaa kwa kazi moja tu. Asiyeijua mipaka ya kazi hiyo anaweza kupoteza maisha akiwa shambani, na vidonge anavyo mfukoni.

VIDONGE HIVI NI NINI?

Ni vitu vyenye utamu mwingi kuliko sukari, kiasi kwamba punje ndogo hutosha kikombe kizima. Kwa hiyo haviupi mwili nguvu yoyote ya maana, wala havipandishi sukari ya damu kama sukari ya kawaida.

Kikongwe kuliko vyote ni sakarini. Iligunduliwa mwaka 1879 huko Baltimore, Marekani, na Constantin Fahlberg katika maabara ya Ira Remsen. Utamu wake ni mara 300 hivi ya sukari, lakini huacha uchungu kidogo ulimini. Aspatemu iligunduliwa mwaka 1965, nayo ni tamu mara 200 hivi. Sukralozi ilipatikana mwaka 1976, na utamu wake ni mara 600 hivi. Ipo pia stevia, ambayo asili yake ni majani ya mmea wa Paraguay. Hapa kwetu Afrika Mashariki wakulima wa Kericho, Kenya, wamekwisha kuulima.

Kundi jingine ni kama sorbitoli na zailitoli, ambazo hutiwa katika peremende na biskuti. Hizi zina kalori, ila ni pungufu kuliko za sukari. Ukizila nyingi, tumbo huharisha.

Majina kwenye pakiti huandikwa kwa lugha za kigeni, lakini mara nyingi huwapo namba. Tuzikariri: E951 ni aspatemu, E954 ni sakarini, E955 ni sukralozi, E960 ni stevia, E420 ni sorbitoli na E967 ni zailitoli. Anayetumia aspatemu asiichemshe pamoja na chai, kwa maana moto mwingi huondoa utamu wake. Aitie kikombeni chai ikiwa imekwisha kumiminwa.

JE, VINA MADHARA?

Maneno ni mengi. Sakarini ilitiliwa shaka sana Marekani mwaka 1977 baada ya majaribio ya panya, na mwaka 2000 onyo lililokuwa likiwekwa kwenye pakiti likaondolewa. Mwezi wa Julai 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa ushahidi mdogo. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa viungo vya chakula haikubadili kipimo chake: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angelazimika kunywa zaidi ya makopo 9 ya soda yenye aspatemu kwa siku moja ndipo akivuke kipimo hicho. Vidonge viwili vya chai haviwezi kumfikisha huko. Wasioruhusiwa kabisa kutumia aspatemu ni wale wenye ugonjwa nadra wa kuzaliwa nao uitwao fenilketonuria.

Mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa Mei, Shirika hilo lilishauri watu wasitumie vitu hivi kama njia ya kupunguza unene. Lilisema wazi kwamba ushauri huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Kwa hiyo mgonjwa asitupe vidonge vyake kwa kusikia maneno ya barabarani. Aulize zahanati.

VISICHOWEZA KUFANYA

Kwanza, kidonge huondoa sukari ya chai, basi. Ugali wa muhogo, wali, ndizi, viazi na mkate vyote hugeuka sukari mwilini. Mtu anayetia kidonge katika chai kisha akala mandazi matano hajajisaidia. Biskuti iliyoandikwa "bila sukari" bado ni unga.

Pili, kidonge si dawa. Hakishushi sukari iliyokwisha kupanda. Mwenye faranga chache anunue dawa yake kwanza. Chai kavu haina gharama, na ulimi huzoea: punguza nusu kijiko kila wiki, na baada ya muda hutaona tofauti. Tusidanganyike pia na asali, sukari nyekundu au maji ya miwa. Hivyo vyote ni sukari. Na chupa moja ya kola ya sentilita 30 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai 6 au 7.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote: kidonge hakimwokoi mtu ambaye sukari yake imeshuka. Mwenzetu anayechoma insulini, au anayemeza dawa kama glibenklamidi, akifanya kazi nzito bila kula, sukari ya damu huanguka. Hutokwa na jasho jingi, hutetemeka, moyo humwenda mbio, maneno humchanganyika hata akadhaniwa amelewa. Asiposaidiwa huzimia, na anaweza kufa.

Hapo anahitaji sukari yenyewe. Mpeni vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari katika maji, au soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, mpeni tena, kisha ale chakula. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu, wala chai ya kidonge. Akiwa amezimia msimtie kitu chochote mdomoni, maana atapaliwa. Mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali.

TUNADAI NINI?

Shirikisho la Kisukari Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 wa kanda yake ya Afrika walikuwa na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakujua. Basi katika kila gengi la kazi anaweza kuwapo mmoja. Hili si jambo la mtu binafsi, ni jambo la kazi. Kwa hiyo tunataka:

1. Sanduku la huduma ya kwanza, shambani na kiwandani, liwe na sukari. Sukari ya Moso, kutoka kiwanda cha SOSUMO kilichoanza kuizalisha mwaka 1988, mara nyingi imeadimika madukani. Kwa hiyo iwekwe akiba, isisubiri siku ya ajali.

2. Chai ya kazini ipikwe bila sukari, na sukari iwekwe pembeni. Kila mtu ajitilie apendavyo.

3. Mwenye kisukari apewe muda wa kula na wa kuchoma sindano kwa saa yake. Mnyapara asimwambie amalize kwanza mstari.

4. Wafanyakazi wapimwe sukari ya damu, na atakayekutwa na ugonjwa asiachishwe kazi kwa sababu hiyo.

Na sisi wenyewe tuna wajibu. Mwenye kisukari asijifiche. Awaambie angalau wenzake wawili anaofanya nao kazi, awaonyeshe dalili zake na mahali anapoweka sukari yake ya dharura. Vidonge atumie kwa chai yake kama amevipata. Lakini katika mfuko wa pili wa shati, akipanda mlimani Gitaza kukata mikungu, abebe sukari iliyofungwa katika karatasi.