Paa la bati: Mwanga uingie, kelele ibaki nje

WENYE maduka na karakana zilizoezekwa bati wanaijua adha hii. Mvua ikinyesha, muuzaji na mteja hawasikilizani, bei hutajwa kwa vidole. Jua likiwaka nje, ndani ni giza. Taa huwashwa mchana na bili ya umeme hupanda.

Dawa ya giza ni rahisi: bati moja la plastiki linalopitisha mwanga, likiwekwa kati ya mengine. Mwaka 2002, fundi makanika wa Brazil, Alfredo Moser, alipenyeza kwenye paa chupa ya lita mbili yenye maji na klorini kidogo ya kuzuia ukijani. Jua likiwa kali, hutoa mwanga kama wa balbu ya wati 40 hadi 60.

Kelele ndiyo kazi. Bati hulia kwa kuwa ni jembamba, na dari inayopunguza kelele huziba mwanga pia. Wengi huishia kuchagua kimoja. Kumbe dari inaweza kuachwa tundu chini ya bati la mwanga, kingo zake zikapakwa chokaa nyeupe. Tundu liwe dogo, maana kelele nayo hupita humo humo. Juu ya dari hutandazwa mabaki ya nyuzi za katani au makumbi ya nazi, mbali na nyaya za umeme. Hushika moto upesi.

Wanaotundika magunia ndani ili yanyonye mwangwi wasiyapake rangi nzito: huziba matundu yake na mwangwi hurudi. Weupe upakwe ukutani.